Msamiati wa Juu wa Kiingereza: Namna ya Kujifunza Neno Pamoja na Wenzake

Mtu anayetafuta maana ya “mitigate” katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa kawaida atapewa kitenzi punguza. Akitafuta “alleviate” atakutana na punguza tena, na vivyo hivyo kwa “diminish” na “curtail”, pengine kukiwa na neno moja au mawili ya ziada pembeni. Mwanafunzi mwenye bidii atayakariri yote manne kwa jioni moja, aamini kwamba hazina yake imeongezeka kwa maneno manne, na kesho yake aandike kwamba dawa fulani “curtails pain”. Msomaji anayekijua Kiingereza ataelewa alichokusudia, lakini atasita, kwa sababu maumivu hayaandamani na neno hilo. Kinachokuwa “curtailed” ni uhuru wa mtu, mamlaka yake, safari yake au matumizi yake ya fedha, yaani jambo lililokuwa likiendelea likakatizwa kabla ya kufika lilikokuwa likielekea.

Kamusi haikukosea. Kosa liko katika kuamini kwamba tafsiri ya neno ndiyo maana yake. Msamiati wa juu hautambulikani kwa urefu wa maneno wala kwa ugumu wa kuyatamka. Unatambulikana kwa kuwa kila neno limechaguliwa kwa ajili ya kazi finyu, na lina wenzake linaoandamana nao. Kwa hiyo mwongozo huu haukupi orodha ya kukariri, bali unakueleza namna ya kulipokea neno moja mpaka ulijue kama mwenyeji wake anavyolijua. Ninawaandikia hasa wale waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari na kukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo katika shule nyingi za serikali Tanzania, na ambao sasa wako chuoni au kazini wakilazimika kusoma ripoti, mikataba na makala za kitaaluma. Kiingereza wanakijua. Wanachokosa ni tabaka la juu la msamiati, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuwaketisha akawafundisha.

Hatua ya kwanza: Pima ulipo

Chukua ukurasa wa maandishi unayoyasoma kwa sababu ya kazi au masomo yako. Hesabu maneno 100 mfululizo, kisha upige mstari chini ya kila neno usilolijua au unalolibahatisha tu. Yakiwa mawili au pungufu, maandishi hayo unayasoma bila shida, na maana ya hayo mawili mara nyingi utaipata kutokana na muktadha. Yakizidi matano, maandishi hayo bado ni mazito kwako, na ni afadhali uanze na mepesi zaidi katika fani hiyo hiyo kuliko kujilazimisha na kuchoka.

Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anayetaka kufahamu maneno 98 katika kila 100 ya riwaya au gazeti anahitaji kujua familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia hapa ni kama ilivyo kwetu katika soma, somo, msomi, usomaji na somesha: shina moja lenye watoto wengi. Idadi hiyo isikutishe, kwani aliyemaliza sekondari haanzi kwenye sifuri, na anayejua “analyse” ameshafika mlangoni kwa “analysis”, “analyst” na “analytical”.

Hatua ya pili: Yachague maneno yako

Orodha za maneno magumu zinazosambazwa kwenye simu, zenye maneno ya kushangaza ambayo Waingereza wenyewe huyaona mara moja kwa mwaka, ziache. Neno ambalo hutalikuta tena baada ya kulijifunza litasahaulika, hata ukilikariri kwa bidii ya namna gani.

Pahali pazuri pa kuanzia ni orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotolewa na Averil Coxhead mwaka 2000. Mtafiti huyo alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya takriban maneno milioni 3.5, kutoka fani za sanaa, biashara, sheria na sayansi, akayaweka kando maneno 2,000 hivi ya kawaida, kisha akatafuta yale yanayojirudia katika fani zote. Alipata familia 570, na familia hizo peke yake zilichukua karibu asilimia 10 ya maneno yote aliyoyachambua. Humo yamo “derive”, “constitute”, “subsequent”, “inherent” na mengine ya aina hiyo, ambayo mwanafunzi wa uuguzi na mwanafunzi wa sheria watayakuta sawasawa. Ukijifunza maneno kumi kwa wiki, kwa wiki 52 utakuwa na 520, yaani utakuwa umekaribia kuimaliza orodha hiyo kwa mwaka mmoja. Maneno kumi yanaweza kuonekana machache. Nakuomba usiyaongeze, kwa sababu kila moja lina kazi kubwa itakayoelezwa hapa chini.

Sambamba na hayo, ongeza ya fani yako. Muuguzi atahitaji “acute”, “chronic”, “adverse” na “palliative”, na mhasibu atahitaji “accrue”, “depreciate” na “reconcile”. Sharti ni moja tu: neno liwe limetoka kwenye ukurasa ulioushika mkononi, na sentensi lilimokuwamo uinakili nzima.

Hatua ya tatu: Anza na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza

Zipo kamusi zilizotungwa mahususi kwa ajili ya watu waliojifunza Kiingereza ukubwani au shuleni. Maarufu zaidi kati yake ilianzia kwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani. Ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaitoa mwaka 1948. Hornby alifahamu kwamba mgeni wa lugha hatosheki na maana, anahitaji pia kuonyeshwa neno linakaaje ndani ya sentensi. Leo kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman zinapatikana bure kwenye intaneti, zikiwa na sauti ya matamshi.

Katika kamusi kama hiyo soma vitu vitatu kabla ya kuridhika. Kwanza ni fasili, ambayo huandikwa kwa maneno mepesi. Pili ni alama ya matumizi, inayokuonyesha kama neno ni la rasmi, la mazungumzo, la kizamani au la kubeza. Tatu ni sentensi za mifano, na hizi ndizo wengi huziruka. Kamusi ya lugha mbili, kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mwaka 1996, ifungue mwishoni, ukiwa tayari una dhana kichwani na unatafuta neno la Kiswahili linaloikaribia.

Aliyepuuza alama ya matumizi hujiingiza katika hatari ambayo sarufi haiwezi kumwokoa. “Notorious” maana yake ni maarufu, lakini ni maarufu kwa ubaya. Nimewahi kusoma hotuba ya kumuaga mtumishi aliyestaafu kwa heshima, ikimtaja kwa neno hilo kwa nia njema kabisa, na nikamhurumia mwandishi, kwa sababu alichokuwa nacho ni neno maarufu na mshale kuelekea “notorious”, bila sentensi hata moja ya mfano.

Hatua ya nne: Tafuta wenzake wa neno

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Turudi kwenye punguza. “Alleviate” limetoka katika neno la Kilatini la kitu chepesi, na maana yake ni kumwondolea mtu sehemu ya mzigo, ndiyo maana huandamana na maumivu, mateso na umaskini. “Mitigate” huandamana na athari, madhara na hatari: jambo lenyewe huenda likatokea, lakini ukali wake umepunguzwa, na katika mahakama hutumika kwa hoja zinazoweza kumpunguzia adhabu mkosaji. “Curb” hutumika kwa kitu kinachotaka kukimbia bila mipaka, kama mfumuko wa bei, rushwa au uvutaji wa sigara. “Diminish” ni kufanya thamani, nguvu au umuhimu wa kitu uwe mdogo. “Abate”, kwa matumizi ya kawaida, si kupunguza bali ni kupungua: dhoruba “abates” yenyewe. Sisi tofauti hiyo ya mwisho tunaionyesha kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi, punguza na pungua, lakini Kiingereza mara nyingi huionyesha kwa kuchagua neno jingine kabisa, na ni rahisi mno kwetu kuipita bila kuiona.

Mfano wa pili ni kudai, kitenzi kinachobeba mizigo mingi sana katika Kiswahili cha kitaaluma. Kwa “claim” mwandishi anaripoti kauli ya mtu bila kuithibitisha, na mara nyingi anadokeza kwamba bado ana shaka nayo. “Argue” na “contend” ni kutetea msimamo kwa hoja. “Maintain” ni kuushikilia msimamo huo hata baada ya kupingwa, na “assert” ni kuusema kwa uhakika bila kungoja kutoa ushahidi. “Allege” ni neno la tuhuma, la polisi na la magazeti, kwa kosa ambalo bado halijathibitishwa mahakamani. “Demand” ni kudai kitu, kama vile malipo au haki. Mwanafunzi anayeandika kwamba mtaalamu fulani “alleges” kuwa mvua zimepungua amemfanya mtaalamu huyo mtu wa kurusha tuhuma, ilhali alitaka tu kuripoti utafiti wake.

Ninachopendekeza ni zoezi la kila wiki: chukua kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachobeba mizigo mingi, uketi na kamusi, ukigawe. Zuia kitakupa “prevent” kwa jambo lisitokee kabisa, “impede” kwa jambo linalocheleweshwa, “deter” kwa mtu anayeogopeshwa na matokeo, na “prohibit” kwa kinachokatazwa na sheria. Wiki nyingine chukua onyesha, ugawe kati ya “indicate”, “demonstrate”, “reveal” na “illustrate”. Kwa kila neno andika nomino mbili au tatu zinazoandamana nalo. Ukitia shaka kuhusu kifungu ulichokitunga, kitafute chote kwenye intaneti kikiwa ndani ya alama za kunukuu, uone kama magazeti na majarida yenye wahariri hukitumia. Kisipoonekana popote, kiache.

Yapo pia maneno yanayobeba maana mbili zinazopingana, na hayo yaandike katika ukurasa wake. “Sanction” ni kuidhinisha na pia ni kuwekea vikwazo. “Oversight” ni usimamizi wa Bunge juu ya serikali na pia ni kosa la kupitiwa. Kitenzi “table”, kwa Kiingereza cha Uingereza kinachofuatwa na mabunge yetu, ni kuwasilisha hoja ijadiliwe, ilhali Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Hapo ni muktadha peke yake utakaokuamulia.

Hatua ya tano: Andika kadi, na uweke alama ya mkazo

Kata karatasi ngumu ziwe kadi ndogo. Upande wa mbele andika ile sentensi uliyoinakili, ukiacha pengo mahali pa neno, na chini yake dokezo fupi la Kiswahili. Upande wa nyuma andika neno, wenzake wawili au watatu na ndugu zake wa familia. Usiweke neno la Kiingereza mbele na tafsiri nyuma, kwa sababu kadi ya namna hiyo hukuzoesha kulitambua neno likiletwa, si kulitafuta likihitajika.

Kisha andika silabi ya mkazo kwa herufi kubwa. Kiswahili kinatupa faraja ambayo Kiingereza hakina: mkazo wetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Tunakibeba kipimo hicho tunapoingia katika Kiingereza, na ndiyo sababu msomi mwenye hoja nzito anaweza kutosikika vizuri mkutanoni. “Category” hukazwa mwanzoni, CAtegory. “Hypothesis” hukazwa katika silabi ya pili, hyPOthesis. Tena mkazo huhama ndani ya familia moja: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAPHic, ANalyse, aNAlysis, anaLYtical. Sikiliza sauti kwenye kamusi, urudie kwa sauti mara tatu, ndipo uandike. Herufi zisizotamkwa, kama “b” ya “subtle” na “c” ya “indict”, zipigie mstari.

Hatua ya sita: Jua tabaka la neno na mizizi yake

Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama huku wananchi wakiendelea na Kiingereza chao. Baadaye wasomi wakamimina Kilatini na Kigiriki juu ya hayo yote. Matokeo yake ni kwamba wazo moja mara nyingi lina maneno matatu: “ask” la nyumbani, “question” lililopitia Kifaransa, na “interrogate” la Kilatini, ambalo leo linanukia kituo cha polisi. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hisia hii, kwa sababu anayo. Hakuna anayesema kwamba kuku amefariki. Kuku hufa, na mtu hufariki au huaga dunia. Basi unapokutana na “commence” au “terminate”, jiulize kama ni neno la kufa au la kufariki, na usiandike “commence” pale ambapo “begin” linatosha.

Maneno mengi ya Kilatini huvunjika vipande, na vipande hivyo ni vichache kuliko maneno yenyewe. “Spect” ni kutazama na “circum” ni kuzunguka, hivyo “circumspect” ni mtu anayetazama pande zote kabla ya kutenda. “Bene” ni wema, “male” ni ubaya, na sehemu ya pili ya “benevolent” na “malevolent” imetokana na kutaka au kukusudia. “Candid”, lenye maana ya mkweli asiyeficha, na “candidate” yana asili moja katika neno la weupe, kwa sababu Warumi walioomba vyeo walivaa vazi jeupe. Habari kama hizi huligandisha neno kichwani vizuri kuliko marudio kumi.

Hata hivyo mizizi ni ushuhuda tu, wala haitoi hukumu. Kiambishi “in” mara nyingi hukanusha, lakini “invaluable” si kitu kisicho na thamani, ni kitu cha thamani isiyokadirika. “Inflammable” ni kinachoshika moto upesi, na kwa kuwa kosa la kulielewa kinyume linaweza kuua, siku hizi mitungi na magari ya mafuta huandikwa “flammable”. Baada ya kukisia kwa mizizi, thibitisha katika kamusi.

Hatua ya saba: Rudia kwa nafasi

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aligeuza jambo hilo kuwa utaratibu wa visanduku, nao hauhitaji umeme wala bando.

Tafuta visanduku vitano. Kadi mpya zikae katika cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukilipata neno, kadi ihamie cha pili, cha kila siku tatu. Kisha cha tatu, cha kila wiki. Cha nne, cha kila wiki mbili. Na cha tano, cha kila mwezi. Ukilikosa, kadi irudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha tano. Programu kama Anki hufanya hesabu hiyo yenyewe kwenye simu, nami sina ugomvi nayo, ila kwa mwezi wa kwanza napendelea karatasi, kwa sababu mkono ulioandika sentensi nzima umeshaanza kuikumbuka. Dakika 15 za asubuhi zinatosha. Litamke jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi, maana ukisema moyoni tu ni rahisi kujidanganya kwamba ulilijua.

Hatua ya nane: Yatumie, kwa kiasi

Kila mwisho wa wiki andika aya moja ya maneno 100 hadi 150 kuhusu kazi yako halisi, ukitumia matano kati ya maneno kumi ya wiki hiyo, kila moja likiwa na mwenzake sahihi. Msitumie maneno mawili mazito katika sentensi moja, wewe na yeyote mnayejifunza pamoja, maana sentensi hulemewa na msomaji hutambua mara moja kwamba mwandishi anajionyesha. Mpe aya hiyo mtu anayekizidi Kiingereza chako, umwombe akuonyeshe pale tu aliposita kusoma, kisha urudi kwenye kamusi utafute mwenyewe sababu ya kusita kwake.

Kadi ya neno ambalo umelikuta mara kadhaa katika usomaji ukalielewa bila kukwama, na ukalitumia katika maandishi yako bila kufungua kamusi, itoe kisandukuni. Andika tarehe nyuma yake, uihifadhi pamoja na nyingine zilizomaliza safari, na nafasi yake ipewe neno jipya kutoka kwenye ukurasa unaousoma wiki hiyo.